Maswali ya Wasomaji: Kweli Hupelekwa kwa Mwenyewe

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinahusu jambo moja: Mkristo aseme nini, kwa nani na wakati gani, pale ambapo kweli inauma na kunyamaza nako kunauma. Nimechagua tano, nikaondoa majina na kila jambo ambalo lingewatambulisha wenyewe. Andiko linalotajwa karibu katika zote ni Waefeso 4:15, "Lakini tuishike kweli katika upendo," na wengi wenu mnalichukua kama agizo la kupunguza makali ya maneno. Mimi huendelea kusoma hadi aya ya 25 ya sura hiyo hiyo, ambapo Paulo anasema: "Basi uvueni uongo, mkaseme kweli kila mtu na jirani yake, kwa maana tu viungo, kila mmoja kiungo cha wenzake." Maneno hayo ameyachukua kwa nabii Zekaria (8:16), aliyehubiri kwa watu waliorudi kutoka uhamishoni, wakati wa kulijenga upya hekalu. Kweli inasemwa na jirani mwenyewe. Naona makosa yetu mengi ya ulimi hapa Tanga hayatokani na uongo hata kidogo. Yanatokana na mambo ya kweli kabisa yaliyopelekwa kwa watu wasiohusika nayo, huku mhusika akiwa wa mwisho kuyasikia.

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwanakwaya katika usharika mmoja wa hapa mjini. Rafiki yangu, ambaye ndiye mweka hazina wetu, alitumia sehemu ya fedha za sare kumlipia mtoto wake ada. Aliniambia mwenyewe, akaahidi kuzirudisha atakapopokea zamu yake ya mchezo wa kuchangiana fedha. Amekwisha kupokea na fedha hazijarudi. Sasa wenzetu wananong'ona, wengine wanakuja mazoezini na kanga zenye mafumbo, na mwenyekiti wa kwaya ananiuliza mimi kwa kuwa tunaishi mtaa mmoja. Nikisema, nimemsaliti rafiki. Nikinyamaza, naona kama nashiriki. Nifanye nini?
*Mwanakwaya, Ngamiani*

Dada yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali ambapo mtu yeyote amezungumza na mweka hazina, nami sikupaona. Waimbaji wamesemezana, kanga zimevaliwa, mwenyekiti amekuuliza wewe, nawe umeniandikia mimi ambaye simjui. Kweli naifananisha na kifurushi kinachotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam: kimeandikwa jina la mpokeaji, na yeyote anayekifungua njiani amekosa, hata kama hakuchukua kitu ndani yake. Kifurushi hiki kimepita mikononi mwa kwaya nzima na bado hakijafika kwa aliyeandikiwa.

Uniruhusu niseme kidogo kuhusu hizo kanga, maana sisi watu wa pwani tunajivunia fumbo, na tuna haki ya kujivunia. Mji huu umelelewa na taarabu, na mtu aliyekulia hapa anajua kupokea ujumbe bila kutajwa jina. Hata Biblia inalijua fumbo. Mfalme Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumwua mumewe, nabii Nathani alimwendea na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja wa kike (2 Samweli 12). Hata hivyo, angalieni alivyofanya. Alikwenda mwenyewe hadi kwa mfalme, akasimulia mbele yake, na Daudi alipokwisha kuhukumu kwa kinywa chake, Nathani hakumwacha akisie. Alimwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Fumbo la Nathani lilimfungulia mkosaji mlango wa kujiona, kisha likavuliwa. Fumbo la kanga kwenye mazoezi ya kwaya halivuliwi kamwe. Aliyelivaa akiulizwa husema kwamba ni nguo tu, na aliyekusudiwa hana mahali pa kujibia, wala pa kutubia. Kwa hiyo nawaomba wenzako waziweke kando kanga hizo siku za mazoezi. Nguo hazina kosa, ila kazi waliyozipa haistahili kufanywa kanisani.

Sasa tuje kwako. Unaogopa kwamba kumwonya rafiki ni kumpunguzia upendo. Fungua Mambo ya Walawi 19, usome aya ya 16 hadi ya 18 kwa pamoja, kwa maana sisi tumezoea kuikata ile ya mwisho na kuihubiri peke yake. Kwanza Mungu anakataza kuzunguka huku na huko ukichongea watu. Kisha anakataza kumchukia ndugu moyoni, na papo hapo anaamuru umkemee jirani yako, usije ukabeba dhambi kwa ajili yake. Ndipo linapofuata lile neno ambalo Bwana wetu alilitaja kuwa amri kuu ya pili, kwamba umpende jirani yako kama nafsi yako. Katika mpangilio huo, kumwonya mtu uso kwa uso kumewekwa upande wa upendo, na kunyamaza huku ukimwangalia anazama kumewekwa karibu na chuki. Mithali 27:6 inakubaliana na hayo: "Jeraha utiwazo na rafiki ni amini."

Nenda nyumbani kwake. Usimpigie simu, usimwandikie ujumbe ambao unaweza kusambazwa, na usichague siku ya mazoezi. Mwambie yale unayoyajua kwa sababu alikuambia yeye, na uache nje yote uliyoyasikia kwa wengine, kwa maana ukianza na "watu wanasema" mazungumzo yatageuka kuwa msako wa hao watu. Sema kwa maneno machache, kwa mfano: "Dada, ile fedha uliyoniambia bado haijarudi, na mwenyekiti ameniuliza. Nimekuja kwako kwanza." Kisha nyamaza umsikilize. Huenda mchezo wenyewe haukumlipa kamili. Huenda analo deni jingine ambalo hujalijua. Wagalatia 6:1 inasema kwamba mtu akighafilika katika kosa tumrejeze upya kwa roho ya upole, na kumrejeza mtu ni kazi ya mikono pia: jitolee kufuatana naye kwa mwenyekiti, msaidie kuandika jinsi atakavyolipa kidogo kidogo, na kama unacho cha kumkopesha, mkopeshe.

Jambo moja usilifanye ni kuutanguliza ule msemo wetu, "Msema kweli mpenzi wa Mungu." Msemo ni mzuri, lakini umechakazwa. Siku hizi mtu akiuanza, wasikilizaji hukaa sawa kwa sababu wanajua kwamba kuna mwenzao anayekaribia kuvuliwa nguo, na mara nyingi msemaji anaonja raha ambayo hairuhusiwi na 1 Wakorintho 13:6, mahali panaposema kwamba upendo haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli. Ukijikuta njiani unaelekea kwa rafiki yako huku ukiwa na hamu ya kuona uso wake utakavyobadilika, rudi nyumbani uombe kwanza.

Mwenyekiti naye usimjibu "sijui," maana unajua. Mwambie: "Jambo hilo mwulize mweka hazina mwenyewe, mimi siwezi kumsemea." Hilo ni jibu la kweli, na ni la heshima kwa wote wawili. Lakini na rafiki yako ajue kwamba fedha zile si zake wala si zako, ni za watu waliochangishana, na kwa hiyo siri hii ina mwisho. Mpe muda unaoeleweka. Muda huo ukipita bila yeye kwenda, Mathayo 18:16 inakuruhusu urudi na mtu mmoja au wawili, na baada ya hapo ndipo jambo lifike kwa viongozi. Bwana aliziweka hatua hizo kwa mfuatano huo kwa sababu alitujua. Tukiachiwa, sisi huanza na ya mwisho. Nimewahi kusikiliza mahubiri marefu ambayo kanisa zima lilijua kwamba yametungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa benchi la tatu, na nilitoka nikifikiri kwamba kikombe kimoja cha chai pamoja na mtu huyo kingefanya kazi zaidi.

Niongeze hili kwa wasomaji wote. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo, ambayo Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa ya nane na Waanglikana kuwa ya tisa, mapokeo ya kanisa hayajaishia kwenye uongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika kifungu cha 2477, inamhesabia hatia hata mtu anayefichua makosa ya kweli ya mwenzake kwa wasioyajua bila sababu ya haki. Martin Luther katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 anakwenda mbele zaidi, anatutaka tumtetee jirani, tumnene mema, na tuyachukue mambo yake kwa namna iliyo njema. Wanaosema "lakini si uongo!" baada ya kumsengenya mtu hawajajitetea kwa lolote.

Mama mkwe wangu ananipikia mchuzi wa papa kila ninapokwenda kumwona, na chumvi humo ni nyingi mno. Mara ya kwanza nilisifu kwa adabu. Sasa anaona kwamba ndicho chakula ninachokipenda kuliko vyote, na presha yangu imeanza kupanda. Je, nikimwambia kweli nitakuwa nimekosa heshima?
*Mkwe, Muheza*

Papa mkavu ana chumvi yake tangu kwa wavuvi, kwa hiyo tusimtwike mama mzigo wote. Wewe hulazimiki kutoa hukumu juu ya mapishi ya mkweo, na ukimya wako mezani si uongo. Uongo ulikuwa katika zile sifa. Acha kuzirudia, mshukuru kwa mambo ambayo kweli unayashukuru, ambayo ni taabu yake na ukarimu wake, kisha umweleze habari za presha yako kama mwana anavyomweleza mama, kwamba daktari anakutaka upunguze chumvi. Hiyo ni haki yake kuijua. Akija kugundua kutoka kwa binti yake kwamba alikuwa akikuumiza kwa mikono yake mwenyewe huku ukitabasamu, atafedheheka zaidi kuliko kwa neno lolote ambalo ungelisema mapema.

Shikamoo Mchungaji. Baba yetu ana umri wa miaka 74. Alipewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na huko tukaambiwa kwamba ana saratani iliyokwisha kusambaa. Ndugu zangu wamekubaliana aambiwe kuwa ni vidonda vya tumbo. Kaka mkubwa amesema atakayefungua kinywa atakuwa amemwua baba. Mimi ndiye ninayemwogesha na kulala chumba kimoja naye, na amekwisha kuniuliza, "Mwanangu, hawa wanasema nina nini?" Nikajibu kwamba ni vidonda. Tangu hapo nashindwa kusali mbele yake.
*Binti, Korogwe*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa uuguzi.

Nianze kwa kuwatetea ndugu zako. Hawafanyi hivi kwa ubaya. Wameona watu waliotajiwa ugonjwa huu wakageukia ukutani na kukataa chakula, na wanaamini kwamba neno lenyewe linaua kabla ya ugonjwa. Kaka yako mkubwa amejitwika kazi ya kumlinda mzazi, na kazi hiyo ni ya heshima hata pale anapoifanya vibaya. Usimwendee kama mtu aliyekamatwa katika dhambi.

Lakini tumfikirie mzee. Ni mtu mzima wa miaka 74, amepanda basi akapelekwa Dar es Salaam hadi Ocean Road, akaketi kwenye mabenchi ya pale pamoja na wagonjwa wengine, akasikia wanayoyasimulia. Ni wazee wangapi wa mkoa huu wasiojua kinachotibiwa pale? Mimi nadhani baba yako anajua, au anakisia karibu sana na kujua. Alipokuuliza usiku, yamkini alikuwa anatafuta ni nani kati ya watoto wake anayeweza kukaa naye ndani ya jambo hilo, na jibu la vidonda vya tumbo limemweleza kwamba hayupo. Sasa mnaigiza pande zote mbili: ninyi mnamficha, naye anawaficha kwamba anajua, ili asiwaumize. Watu wanaopendana kiasi hicho wanatengana wakiwa chini ya paa moja.

Na zaidi ya hayo, ugonjwa ni wake. Mwili ni wake, na siku zilizobaki ni zake, na mambo ambayo anaweza kutaka kuyafanya ndani ya siku hizo hayawezi kufanywa na mtu aliyeambiwa kwamba atapona baada ya dozi. Katika 2 Wafalme 20 Hezekia alikuwa mgonjwa mahututi, na nabii Isaya akaingia na kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa sababu atakufa. Ni maneno mazito kuyapeleka kitandani kwa mgonjwa, nami simshauri mtu ayaseme kwa ufupi ule wa Isaya. Lakini yalimpa Hezekia jambo la kufanya: aliligeukia lile lililo la kweli, akalia sana, akaomba. Mungu alimwongezea miaka 15. Siwaahidi ninyi miaka hiyo, wala sina mamlaka ya kuiahidi. Ninachokiona ni kwamba ile sala ya Hezekia isingeombwa kama waliomzunguka wangemwambia kwamba ni jipu dogo tu. Baba yako naye ana mambo ya nyumba yake. Kuna shamba ambalo mpaka wake anaujua yeye peke yake, kuna madeni anayodai na anayodaiwa, kuna wosia, kuna ndugu ambaye hawasemezani naye, na kuna Meza ya Bwana ambayo angependa kuijia akijua anachokijia. Wazee wa kanisa wataombaje juu yake kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, ikiwa wao wanaombea saratani na yeye anaitikia amina kwa vidonda vya tumbo?

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Waite ndugu zako kwanza, bila baba kusikia, na ukiweza umwombe mchungaji wenu au mzee mmoja wa ukoo ambaye kaka yako anamheshimu aketi nanyi. Wao pia wana haki ya kuambiwa kweli, na kweli yao ni hii: kwamba baba ameuliza, na kwamba wewe huwezi kumdanganya tena. Msibishane juu ya kama aambiwe. Zungumzeni juu ya nani amwambie na kwa namna gani. Kaka yako akikubali kuwa yeye ndiye msemaji, mwachie nafasi hiyo kwa moyo mweupe. 1 Timotheo 5:1 inataka mzee asikaripiwe bali aonywe kama baba, na kwetu sisi hilo lina maana kwamba habari kubwa haimfikii mzee kwa njia ya mlangoni. Mtu huketi, huamkia, huuliza kama anaweza kusema.

Kisha baba aulizwe yeye mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Wapo wazee watakaosema, "Nielezeni yote," na wapo watakaosema, "Mengine mwambieni kaka yenu, mimi nitieni mikononi mwa Mungu." Majibu yote mawili ni halali, kwa sababu yote mawili yametoka kwake. Akitaka kujua, litajeni jina la ugonjwa mara moja, kwa lugha ya kawaida, msilifiche ndani ya maneno ya kitabibu. Msimtajie miezi, hata kama kuna mtu aliyeitaja koridoni. Mwelezeni kitakachofanyika: kwamba kuna tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kwamba zipo dawa za kutuliza maumivu, mofini ikiwa mojawapo, na kwamba hataachwa peke yake usiku. Upendo katika mazungumzo haya umo zaidi katika hayo ya mwisho kuliko katika ulaini wa sauti.

Na pia, mwanangu, watakuja watu wa maombi. Wapokeeni. Kwamba Mungu anaweza kuponya ni kweli, na iombwe kwa nguvu. Lakini "baba, utapona, nimeonyeshwa" ni neno ambalo mtu halipati kwa kulitamani, na mgonjwa aliyeambiwa hivyo kisha akazidiwa huanza kujilaumu kwa upungufu wa imani, jambo ambalo ni ukatili, hata likisemwa kwa machozi.

Akikuuliza tena kabla ya kikao chenu, usirudie vidonda. Mwambie: "Baba, ndugu zangu wameomba wakueleze wenyewe. Nitamwita kaka kesho asubuhi, na mimi nitakuwepo." Atakuelewa.

Tumsifu Yesu Kristo. Usiku mmoja jirani yangu alikimbilia kwangu na mtoto mgongoni. Mumewe alifuata akiwa amelewa, ana panga, akaniuliza kama nimemwona mkewe. Nilimwambia sijamwona. Mtu mmoja wa jumuiya yetu ndogondogo anasema nilipaswa kuungama kwa sababu uongo ni uongo. Je, nilitenda dhambi?
*Mama, Pangani*

Milele amina. Umeuliza jambo ambalo kanisa limebishana juu yake kwa miaka zaidi ya 1,600, nami nitakuambia pande zote mbili kabla ya kukuambia langu.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika juu ya uongo karibu mwaka 395 na tena karibu mwaka 420, na msimamo wake ulikuwa mkali: hakuna uongo ulio halali, hata wa kuokoa maisha. Alimtaja kwa sifa Firmus, askofu wa Thagaste, aliyemficha mtu aliyetafutwa na watu wa kaisari. Firmus alijibu kwamba hawezi kusema uongo na hawezi kumtoa mtu wake. Akateswa, hakusema, na mwishowe akapelekwa mbele ya kaisari na kumwombea msamaha yule mtu. Upande wa pili wako wakunga Shifra na Pua, waliomjibu Farao kwa hila ili watoto wa kiume wa Waebrania waishi, na Kutoka 1:20 inasema Mungu aliwatendea mema. Yuko pia Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani darini na kuwaelekeza askari njia isiyo yao. Waebrania 11:31 na Yakobo 2:25 zote zinamtaja kwa heshima. Walio upande wa Augustino husema kwamba Maandiko yanasifu imani na huruma yao, si maneno yao. Inawezekana. Lakini sioni mahali ambapo Mungu aliwarudi kuwakemea kwa maneno hayo.

Langu ni hili: yule bwana hakuja kutafuta habari, alikuja kutafuta mtu wa kukata. Katekisimu yenu, kifungu cha 2489, inasema kwamba hakuna anayewajibika kumfunulia kweli mtu asiye na haki ya kuijua. Ungeweza kufunga mlango na kupiga yowe, ungeweza kunyamaza kama Firmus, na kama ungepata nafasi ya kuwaza ningekushauri hivyo. Ulikuwa na mtoto mgongoni mwa mwenzako na panga mbele yako. Mimi sikulaumu, na ukitaka kulizungumza na padri wako ili upate utulivu, lizungumze, lakini usilipeleke kama mtu aliyemuumiza mwenzake.

Liko jambo la pili ambalo mwenzako wa jumuiya hakulitaja, nalo linanisumbua zaidi. Je, baada ya usiku ule, kuna aliyemwambia kweli mtu anayestahili kuijua? Mwenyekiti wa mtaa anajua? Kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kumepelekwa taarifa? Huku kwetu sitara ni tunu, tunafundishwa tangu utotoni kwamba mambo ya nyumba ya mtu hayatolewi nje, na katika mengi mafundisho hayo ni mema. Pale penye panga, sitara inamlinda mwenye panga. Kina mama wengi wamepelekwa kwa viongozi wa dini wakaambiwa wavumilie na kuombea ndoa, na wengine wamezikwa. Fuatana na jirani yako mkatoe taarifa. Yule mume naye, akiwa hajalewa, anastahili kuambiwa na wanaume wa kanisa, ana kwa ana, kwamba alilolifanya linajulikana na kwamba halitafichwa. Hiyo ndiyo kweli ya upendo anayodaiwa, na si kazi yako wewe kuipeleka.

Nilimwambia rafiki yangu wa siku nyingi, kwa upole na tukiwa wawili tu, kwamba mwanamume atakayemwoa binti yake ana mke mwingine Mombasa. Nilikuwa na hakika. Hakunitukana, lakini tangu siku hiyo haniamkii, na ndoa inaendelea. Je, nilikosea njia?
*Rafiki, Makorora*

Kwa maelezo yako hukukosea njia. Ulikuwa na hakika, ulikwenda kwa mhusika, ulikwenda peke yako, na hukuongeza chumvi. Paulo, ambaye pia alimpinga Petro ana kwa ana pale Antiokia, aliwauliza Wagalatia kama amekuwa adui yao kwa sababu anawaambia yaliyo kweli (4:16), na barua ile haituambii walimjibu nini. Kusema kweli kwa upendo hakumlazimishi msikilizaji kuipokea.

Hata hivyo mhusika mkuu wa habari hii ni binti, na sina hakika kutokana na barua yako kama naye ameisikia. Yeye ndiye anayekwenda kuapa. Ikiwa ni mtu mzima, na ikiwa rafiki yako ameamua kumficha, basi mwombe kwa mara nyingine amwambie mwanawe, na umjulishe kwamba asipomwambia yeye, utamwambia wewe. Mchungaji au padri atakayefungisha ndoa naye hutangaza ndoa kanisani mapema ili mwenye kujua kizuizi akitaje. Matangazo yale hayawekwi kwa ajili ya kupamba ibada, na kwenda ofisini kwake na ushahidi ulio nao hakuitwi fitina.

Kuhusu kuamkiana, endelea kumwamkia wewe, hata asipoitikia. Usiwaeleze watu kwa nini hamsemezani. Wakikuuliza, waambie wakamwulize yeye. Na kama kuna msiba au ugonjwa nyumbani kwake, uwe miongoni mwa watakaofika mapema na kushika ndoo ya maji, bila kungoja aliyekununia akuite.